Mac ya kuunga mwenyewe: kabla hujalaumu EFI, pima umeme

Leo tuongee kompyuta.

Swali ninaloulizwa kuliko yote na vijana wa hapa mjini ni hili: eti inawezekana kuchukua Dell au HP ya mtumba, au mashine uliyookoteza vipuri kimoja kimoja, ukaiwekea mfumo wa Mac na ikapiga kazi? Jibu fupi: INAWEZEKANA. Watu wanafanya hivyo toka 2005, na duniani mashine ya namna hii inaitwa Hackintosh. Mimi naiita Mac ya kuunga, kama mboga ya kuunga na nazi: mboga ni yako, nazi ni yako, ikiungua pia ni yako.

Jibu refu ndio hili hapa chini. Lisome lote kabla hujaanza kumaliza bando kwa kushusha mafaili.

Kwa nini mtu ahangaike?

Sababu kubwa ninayoiona hapa kwetu ni studio. Final Cut Pro ya kuhariri video na Logic Pro ya kutengeneza muziki zinafanya kazi kwenye vifaa vya Apple tu. Dogo anayepiga video za harusi Ngamiani, au anayerekodi taarabu na Bongo Fleva chumbani kwake, anaona wenzake wa Dar wanazitumia, anaangalia bei ya Mac, anaangalia mfuko wake... halafu anakuja kuniuliza mimi.

Sasa kuna kitu kimoja nataka mkibebe kwenye makala hii hata mkisahau mengine yote. Ukiweka mfumo ambao mtengenezaji hakukusudia uwe kwenye mashine yako, wewe ndiye unakuwa kiwanda. Hamna namba ya kupiga. Kwa hiyo kipaji cha kwanza sio kujua mafaili ya kushusha, ni kujua kutenganisha: hili tatizo ni la MASHINE au ni la MFUMO? Na huku pwani, kwa mashine nilizofungua mimi, mara nyingi sana ni mashine, na mwenyewe ameshahangaika wiki nzima na mfumo.

Inakuwaje PC ikubali kuwa Mac?

Zamani Mac zilikuwa na prosesa za PowerPC, tofauti kabisa na PC zetu. Juni 2005 Steve Jobs akatangaza kwamba Apple inahamia Intel, na Mac za kwanza za Intel zikatoka Januari 2006. Tangu hapo, ukifungua Mac na ukifungua PC unakuta ndugu wa tumbo moja: prosesa za ukoo mmoja, RAM za aina moja, diski za aina moja. Watundu walianza hata kabla Mac hizo hazijafika madukani, kwa kutumia toleo lililotolewa kwa waandishi wa programu.

Lakini undugu hautoshi. Mfumo wa Mac unapowaka unauliza maswali. Je, ile chipu ya Apple inayoitwa SMC ipo? Mimi niko ndani ya Mac ya aina gani? Saa iko wapi, soketi za USB ziko wapi, prosesa inapumzikaje? Kadi ya picha ni ipi? Kwenye Mac halisi majibu yapo tayari. Kwenye OptiPlex yako hayapo, au yapo kwa lugha nyingine.

Hapo ndipo inaingia programu ya kuwashia inayoitwa OpenCore, iliyoanza kutumika 2019 na kuchukua nafasi ya ile ya zamani iliyoitwa Clover. OpenCore inakaa kwenye kipande kidogo cha diski kinachoitwa EFI. Inaamka kabla ya Mac, inamsubiri mlangoni kama mkalimani, na kila swali ina jibu lake:

- VirtualSMC inajibu kwa niaba ya chipu ya SMC ambayo hauna.
- Lilu na WhateverGreen zinaweka sawa kadi ya picha.
- AppleALC inaleta sauti.
- IntelMausi ni ya soketi ya mtandao wa waya kama chipu yake ni ya Intel. Kama ni ya Realtek, inatumika nyingine.
- Mafaili madogo ya SSDT yanaeleza mpangilio wa mazabodi kwa lugha ambayo Mac anaielewa.

Hizo nne za kwanza tunaziita keksti, kwa sababu majina ya mafaili yake yanaishia na .kext. Ni kama draiva kwenye Windows. Na kuna faili moja, config.plist, ambalo ndilo orodha ya maagizo yote. Ukikosea alama moja humo, haiwaki.

Umeona basi? Mac yenyewe haiguswi. Ni ile ile ya Apple. Uchawi wote uko kwenye EFI, na EFI ni ya mashine MOJA. Ndio maana EFI ya jamaa yako mwenye HP ukiipeleka kwenye Dell yako inagoma. Ni sawa na kuvaa miwani ya mtu mwingine: ni miwani kweli, lakini utajigonga.

Vipi kuhusu sheria?

Tuseme ukweli. Masharti ya Apple yanasema mfumo wao uwekwe kwenye kompyuta yenye chapa ya Apple tu. Mac ya kuunga iko nje ya masharti hayo. Kampuni moja ya Florida, Psystar, ilianza kuuza PC zenye Mac ndani yake mwaka 2008. Apple ikaishtaki mwaka huo huo, na 2009 mahakama ikaipiga marufuku. Kwa hiyo kujifunza chumbani kwako ni jambo moja, na kufungua duka la kuuza mashine hizi kama Mac ni jambo jingine kabisa. Usimuuzie mtu Mac ya kuunga bila kumwambia ni nini.

Kuchagua mashine

Hapa ndipo hela inapookolewa au inapopotea.

Prosesa: anza na Intel Core ya kizazi cha 4 hadi cha 10. Kuanzia toleo la Ventura la 2022, Mac inataka maagizo ya prosesa yanayoitwa AVX2, na hayo yalianza kizazi cha 4. Kama unaweza kupata kizazi cha 8, 9 au 10, ndio raha zaidi. Celeron na Pentium achana nazo, usijitafutie presha. AMD Ryzen inawezekana lakini ina viraka vyake vya ziada, kwa hiyo sio ya mtu anayeanza.

Kadi ya picha: hapa wengi wanalia. Ile GTX 1650 inayopendwa na wacheza gemu, kwa Mac haifanyi kazi, hata ufunge na kufungua mara mia. GTX 1050 inaishia toleo la High Sierra la 2017, kwa sababu baada ya hapo draiva za NVIDIA za kadi hizo hazikuendelea kwenye Mac. Kadi zinazokubalika ni za AMD kama RX 570 na RX 580. Au tumia picha ya ndani ya prosesa: UHD 630 ya vizazi vya 8 mpaka 10 inafanya vizuri tu kwa kuanzia. Lakini prosesa za kizazi cha 11 kwenda juu, picha yake ya ndani Mac haiitambui.

Pawasaplai: mashine za ofisini za mtumba, zile nyembamba, zina pawasaplai ya wati kama 180 au 200. RX 580 peke yake inaweza kula wati 185. Piga hesabu mwenyewe. Na kwenye OptiPlex nyingi plagi za pawasaplai kwenda kwenye mazabodi sio zile za kawaida, kwa hiyo huwezi kununua yoyote dukani ukachomeka. Ukitaka kadi kubwa, tafuta kesi kubwa na mazabodi ya kawaida toka mwanzo.

Na hii ni ya kuokoa maisha ya mashine: baadhi ya pawasaplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 na 230. Kompyuta iliyotoka Marekani inaweza kuja ikiwa kwenye 115. Umeme wetu ni volti 230. Ukichomeka bila kuangalia utasikia PAAH! na safari imeishia hapo.

Kuunga kwenyewe, kwa kifupi

1. Flashi. Soko limejaa flashi feki: imeandikwa GB 64, ndani ni GB 8. Ipime kwanza kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Flashi feki inakubali kuandikwa, halafu inaharibu mafaili kimya kimya, na wewe unabaki kulaumu EFI.

2. BIOS. Zima Secure Boot, zima CSM, zima Fast Boot. Diski iwe kwenye AHCI. Dell nyingi zinakuja zikiwa kwenye RAID On, na hapo Mac haioni diski. Lakini angalia: kama kuna Windows kwenye diski hiyo, ukibadilisha ghafla na yenyewe inaweza kugoma kuwaka. Hifadhi kazi zako kwanza, au tumia SSD nyingine.

3. Mfumo. Ndani ya kifurushi cha OpenCore kuna programu ndogo inaitwa macrecovery. Inashusha kipande cha kuanzia moja kwa moja kutoka Apple, chini ya GB 1. Lakini wakati wa kuweka mfumo mashine itashusha zaidi ya GB 12 nyingine, tena kwa waya wa mtandao, kwa sababu waifai za PC nyingi hapo mwanzo hazijatambulika. Kwa hiyo panga bando, au ongea na mwenye kafe akuruhusu usiku. Ukiwa na rafiki mwenye Mac halisi, mwombe atengeneze flashi kamili.

4. EFI. Jenga yako mwenyewe kwa kufuata mwongozo wa Dortania. Ni wa bure, uko wazi kwenye intaneti, na unakwenda kwa kizazi cha prosesa, hatua kwa hatua. Ndio, ni wa Kiingereza na ni mrefu. Usome tu. Seriali namba tengeneza zako, usitumie za mtu.

Zile flashi za "Mac tayari kwa PC zote" zinazozunguka mtaani, mimi siziweki. Hujui nani kaziandaa na kaingiza nini, halafu wewe utakaa hapo uingize neno siri la barua pepe yako na la benki. Apple mwenyewe anatoa mfumo bure, sasa uokote wa jalalani kwa nini?

Imegoma. Tuanzie wapi?

Haya, sasa tumefika kwenye kiini.

Mwaka jana alinipigia jamaa anayehariri video za harusi, yuko Muheza.

"Kaka, Mac imekufa. Na Jumamosi natakiwa kukabidhi kazi ya watu."

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, umebadilisha chochote?"

"Sijagusa kitu. Umeme ulikuwa hamna siku tatu, nikachomoa waya kabisa. Leo nawasha inaniletea alama ya katazo."

Alikuwa ameshatafuta EFI nyingine mtandaoni na alikuwa anajiandaa kufuta ya kwake. Nikamwambia USIFUTE. Ingia BIOS uniambie tarehe. Akanisomea mwaka 2017.

Tatizo likawa limejieleza lenyewe. Kwenye mazabodi kuna kibetri cha duara, CR2032, cha volti 3. Kazi yake ni kushika saa na mipangilio ya BIOS mashine ikiwa haina umeme. Waya ukiwa ukutani kibetri kinapumzika. Ukichomoa, chenyewe ndicho kinabeba. Cha kwake kilikuwa kimechoka, siku tatu zikakimaliza, BIOS ikarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na diski ikarudi kwenye RAID. Mac ikatafuta diski, haikuiona. EFI yake ilikuwa nzima kabisa! Kibetri kipya, BIOS ikarudishwa, kazi ya watu ikakabidhiwa. Angefuta EFI, angekuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Kwa hiyo huu hapa utaratibu wangu. Ufuate kwa mpangilio, usiruke.

Moja, tarehe. Ingia BIOS uone saa na tarehe. Kama zimepotea, kibetri. Tarehe mbovu peke yake inatosha kumfanya Mac akatae kuwekwa. Na siku mashine yako ikiwa nzima, piga picha kurasa zote za BIOS kwa simu. Siku moja picha hizo zitakuokoa.

Mbili, umeme. Kwa multimita, pima waya za pawasaplai mashine ikiwa inafanya kazi. Waya ya njano iwe kati ya volti 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25. Rangi hizo ni za pawasaplai za kawaida, zile za ofisini zinaweza kuwa na mpangilio wake. Ikishuka chini ya hapo unapoanza kuhariri video, mashine inazima yenyewe au inajiwasha upya. Na ukifungua ndani ya pawasaplai bila ujuzi unaweza kufa, kwa sababu kapasita zake zinashika umeme hata baada ya kuchomoa. Pima waya za nje tu, humo ndani waachie mafundi.

Tatu, RAM. Weka MemTest86 kwenye flashi, iache ikimbie usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa. RAM mbovu inafanya kila kitu kionekane kibovu: leo inagoma kwa sauti, kesho kwa picha, keshokutwa kwa diski. Ukiona ugonjwa unahamahama, mtuhumu RAM.

Nne, diski. SSD za bei poa zinachoka mapema. CrystalDiskInfo kwenye Windows inakuonyesha afya yake.

Tano, jaribio la Linux, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Washa mashine kwa flashi ya Linux bila kuiweka kwenye diski, fungua video, acha ifanye kazi saa mbili. Kama na Linux inaganda au inazima, basi Mac hana kosa, hangaika na chuma. Kama Linux inatembea safi kabisa, SASA ndio una haki ya kugusa EFI.

Kusoma maneno ya kwenye skrini

Ukifika hapo, ondoa ile nembo ya tufaha inayoficha mambo. Kwenye config.plist, sehemu ya boot-args, andika -v keepsyms=1 debug=0x100. Sasa mashine itakuandikia kila hatua inayopita. Ikisimama, piga picha mistari ya mwisho. Baadhi ya mnayoweza kuona:

- EXITBS:START. Imesimama wakati OpenCore inamkabidhi Mac funguo. Angalia mipangilio ya kumbukumbu kwenye sehemu ya Booter, na kama CSM kweli imezimwa.
- PCI configuration begin. Mara nyingi ni mpangilio wa Above 4G Decoding kwenye BIOS, au faili la SSDT la saa halipo kwenye mazabodi za kizazi cha 8 na 9.
- Still waiting for root device. Mac haoni diski au flashi anayotoka. AHCI kwanza, halafu soketi za USB. Mac anakubali soketi 15 tu kwa kila kidhibiti cha USB, na kila mlango wa USB 3 anauhesabu mara mbili. Ndio maana inabidi uchore ramani ya soketi zako. Kwa haraka, hamisha flashi kwenye mlango mwingine.
- Maandishi yanakimbia vizuri halafu skrini nyeusi. Hiyo ni picha. Jaribu waya nyingine, HDMI badala ya DisplayPort, kabla hujabadili chochote kwenye faili.

Badilisha kitu KIMOJA, washa, andika matokeo kwenye daftari. Ukibadilisha vitano kwa mpigo ikawaka, hujui nini kimeponya. Isipowaka, hujui nini kimeua.

Chumvi na upepo wa bahari

Hili hutalikuta kwenye miongozo ya Ulaya. Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Mashine iliyokaa karibu na dirisha upande wa bahari, iwe Raskazone au Pangani, miguu ya RAM na ya kadi inashika utando, hasa wakati wa masika. Dalili: haiwaki, inapiga milio, au leo inaona RAM moja kesho mbili. Chomoa umeme, toa RAM, futa ile miguu ya dhahabu taratibu kwa kitambaa laini na spiriti ya asilimia kubwa, acha ikauke kabisa, rudisha. Mashine nyingi "zilizokufa" zimefufuka hivyo mbele ya macho yangu.

Usiiweke sakafuni. Usiibane ukutani, feni ivute hewa. Pesti ya prosesa kwenye mashine ya mtumba ibadilishe siku ya kwanza. Na kama ni mashine ya kazi, UPS sio anasa. Kwenye Mac ya kuunga, umeme ukikatika katikati ya kuweka apdeti unaweza kubaki na mfumo nusu nusu.

Je, inalipa?

Nitawaambia wazi. Novemba 2020 Apple ilitoa Mac za kwanza zenye chipu yake yenyewe, M1. Juni 2025 ikatangaza kwamba toleo la Tahoe, lililotoka Septemba mwaka huo, ndilo la MWISHO kwa Mac za Intel. Maana yake mlango tuliokuwa tunapitia toka 2005 umefungwa. Mashine za Intel zinabaki na viraka vya usalama kwa muda, lakini matoleo mapya ni ya chipu za Apple tu, na chipu hizo huwezi kuziokoteza kwenye mtumba ukaziunga.

Kwa hiyo kama una mashine inayofaa na unataka kujifunza, unga. Hakuna shule nzuri kama hii: utajua BIOS, utajua draiva, utajua kompyuta inawakaje. Lakini kama unataka kukopa hela ili ununue vipuri vya Mac ya kuunga ya biashara mwaka huu, nakusihi usikope. DaVinci Resolve ina toleo la bure la Windows na Linux, na video ya harusi inatoka vizuri tu.

Na somo lenyewe halifi. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 na kuendelea, pamoja na TPM 2.0. Watu wanailazimisha kwenye mashine za kizazi cha 6 na 7, na Microsoft wenyewe wanasema mashine hizo hazina uhakika wa kupata apdeti. Ni mchezo ule ule: wewe ndiye kiwanda. Au weka Linux, ambayo kwenye mashine hizo haihitaji ujanja wowote. Wala sio ngeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Kwa ambao tayari mnayo Mac ya kuunga na mnakula nayo: zimeni apdeti za kujiendesha zenyewe. Wekeni nakala ya EFI inayofanya kazi kwenye flashi, iandikeni tarehe, ifungieni kabatini. Kazi za wateja ziwe na nakala kwenye diski ya nje. Apdeti ikitoka, subirini wengine waijaribu kwanza.

Mwenye swali aliweke kwenye maoni hapo chini, nitajibu nikipata nafasi, na wanaojua zaidi yangu wanisaidie. Ila tafadhali usiandike tu "kaka imegoma". Andika aina ya mashine, prosesa, kadi ya picha, toleo la Mac, na mstari wa mwisho uliouona kwenye skrini. Na uanze na tarehe ya kwenye BIOS.

Naomba kuwasilisha.